Sufuria za Alama Nyekundu

Jumapili tatu mfululizo baraza la wazee wa kanisa letu lilikaa baada ya ibada kujadili kama ukumbi wa kanisa unaweza kusomewa Maulidi. Jumapili tatu! Paa lilipovuja hadi mimbari ikaota ukungu tulikaa mara moja tu, tena kwa nusu saa, na wawili kati yetu walikuwa wanasinzia. Safari hii kila mtu alikuwa macho. Watu ambao Biblia zao hutoka kabatini siku ya Pasaka walikuja na mistari wameipigia wino. Mimi nilikaa mwisho wa benchi, ufunguo wa jiko nimeufunga kwenye pindo la kanga, na hasira niliyokuwa nayo haijapoa mpaka leo ninapoandika.

Nianze na aliyeomba huo ukumbi, maana katika vikao vyote vitatu hakuna aliyemtaja ila kwa kusema "wale wenzetu". Wale wenzetu alikuwa dada yangu. Tumbo moja, baba mmoja. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na ndiye aliyenifundisha kula samaki wa mgebuka bila kukwamwa na mwiba. Aliolewa Ujiji na mwanamume mpole aliyekuwa akiuza nyavu na taa za wavuvi, akasilimu. Baba yetu, Mkristo wa kuamka na kengele, alinuna mwaka mzima. Kisha mjukuu akazaliwa, baba akateremka Ujiji na jogoo kwapani, na habari ikaishia hapo.

Mjukuu huyo alikua akawa mtu wa maboti, akipeleka mizigo Kagunga na kurudi na mawese. Siku moja boti lao lilizidiwa na mawimbi likapinduka karibu na Mwamgongo, naye akaelea akiwa ameng'ang'ania dumu mpaka mtumbwi wa dagaa ukamwokota. Dada yangu akaweka nadhiri kwamba kila mwaka, maadamu yuko hai, atasoma Maulidi ya wanawake nyumbani kwake. Sikukosa hata moja. Nilikuwa namenya vitunguu saumu toka asubuhi, halafu nakaa mkekani na wenzangu, narushiwa marashi, naondoka na kashata kwenye mkoba. Mchungaji wetu wa zamani alijua, na wala hakuwahi kuniuliza.

Kisha ziwa likapanda. Nyie mnaokaa mbali mlisikia redioni, sisi tulilitazama. Lilianza na choo cha dada, likaja jikoni, mwisho likaingia uani, pale pale tulipokuwa tunatandika mikeka, na vijana wakawa wanatega samaki mahali palipokuwa na mafiga yake. Dada na mumewe, ambaye alikuwa ameshaanza kuugua, wakahamia huku Rusimbi, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya kanisa letu. Ua wake unatosha kuanika nguo za mpangaji mmoja, wa pili asubiri zamu. Miezi ikapita, ndipo alipokuja kwangu akaniambia, "Mdogo wangu, mwezi wa Maulidi unaingia na mimi sina pa kukaa na watu. Niulizie ukumbi wenu."

Nilimwambia litakuwa jambo dogo. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Sasa nieleze sufuria, maana bila sufuria hakuna hadithi. Mtaani kwetu akina mama tuna umoja wa kuzikana, Wakristo kwa Waislamu, na tangu zamani umoja una sufuria sita kubwa, zile za kupikia pilau la watu mia. Tulizinunua pamoja. Tukakubaliana zikae kwenye jiko la kanisa, kwa sababu ndilo pekee lenye mlango wa chuma na sakafu kavu. Siku tulipoziingiza, bibi mmoja wa Ujiji, marehemu sasa, alichukua brashi akapaka rangi nyekundu kwenye mikono ya kila sufuria. Akasema zenye alama hii nguruwe asizikaribie hata kwa harufu. Sisi wa kanisa tukasema amina. Hatukuandikiana. Nani huandikiana na jirani yake?

Huo ndio utaratibu wetu, na mgeni akija Kigoma ataukuta. Harusi ya mwanangu ilifungwa kanisani, lakini ng'ombe alichinjwa na shemeji yangu, mume wa dada, ili kila anayekuja ale bila kuuliza. Ukifanya shughuli halafu ukachinja mwenyewe, utakula mwenyewe. Na mtunza sufuria wa miaka yote hiyo nilikuwa mimi. Watoto wa mtaa waliniita Mama Jiko, na watu wazima nao wakafuata.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana paa la kanisa lilimalizika. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee wa kanisa mwenye sauti nene na suti mbili za kahawia, alinijia mchana akasema, "Mama Jiko, nipe ufunguo, tunachemsha chai ya mafundi." Nikampa. Niliporudi jioni kufunga, mafundi wameondoka, wazee wameondoka, na sufuria kubwa kuliko zote iko katikati ya jiko, alama nyekundu zote mbili zimeshikwa na masizi. Ndani kulikuwa na mafuta meupe yaliyoganda. Na mifupa. Sikuhitaji kuuliza ni ya mnyama gani, kitimoto kina harufu yake.

Nilimfuata kwake. Alikuwa barazani anachokoa meno.

"Mzee, mmepika nini kwenye sufuria ya akina mama?"

"Aa, Mama Jiko, wale vijana wamefanya kazi ngumu. Ulitaka tuwapikie kwenye kikombe?"

"Ile ina alama nyekundu."

"Sufuria ni bati. Ioshe, yamekwisha. Nani atajua?"

Nani atajua. Nilirudi jikoni nikaisugua kwa majivu na mchanga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, kisha nikaigeuza kifudifudi chini ya meza, nikajiambia nitatafuta siku nzuri ya kuwaambia akina mama. Siku nzuri! Nilifikiri juu ya kanisa langu kusemwa mtaani kote, na juu ya mchungaji mgeni ambaye hajamaliza hata mwaka. Niliwaza sana, na kila nilipowaza niliona afadhali nisubiri kidogo.

Nikiwa bado nasubiri, shemeji akafariki.

Ilipofika arobaini yake, akina mama walikuja kuchukua sufuria kama kawaida. Niliwafungulia mlango. Mmoja aliinama akaivuta ile ya chini ya meza, akasema hii itafaa kwa wali. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Ningesema ina tundu. Uongo wa maneno mawili ungemwokoa kila mtu. Sikusema. Tulibeba, tukapika, na kwa kuwa mkono wangu unajulikana, pilau la sufuria ile nililikoroga mimi. Dada yangu, ambaye tangu msiba alikuwa anaishi kwa uji na chai, siku ile alikula. Nilimwona analamba vidole. Nikageuka upande wa moto nikisingizia moshi.

Basi, hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni nilipokaa mwisho wa benchi Jumapili zile tatu nikiwasikiliza wanaume wakijadili unajisi.

Jumapili ya kwanza walijadili kama ukumbi ni kanisa. Mmoja akasema ukumbi ni jengo tu, tunafanyia vikao na kuhifadhia mahindi ya mavuno. Mwingine akasema kiwanja chote kiliombewa, kwa hiyo hata choo ni kitakatifu. Jumapili ya pili wakaja na swali lao kubwa, wakaliona ni swali la mtego. Je, wao wangetupa msikiti tuimbe Krismasi? Nilinyoosha mkono nikawaambia hatukuombwa kanisa, tumeombwa ukumbi, na kwamba siku mafuriko yalipowatoa watu wetu kule mwaloni kwa wavuvi, waliolala kwenye madarasa ya madrasa walikuwa na rozari na Biblia na hakuna aliyewapekua. Mwenyekiti wa ujenzi akasema nisiingize hisia.

Nasema wazi ninavyoamini, kisha mniite mnavyotaka. Kanisa lenye ukumbi lifungue ukumbi. Mungu wangu haogopi dufu. Kama imani yako inaweza kuanguka kwa sababu wanawake ishirini wamekaa mkekani mchana wakamsalia Mtume wao mita hamsini kutoka madhabahuni, basi ilikuwa imeshaanguka siku nyingi, ulikuwa umeiegemeza ukutani tu. Na mtu asiniambie habari za kuchanganya dini. Sisi huku tumechanganya damu, tumechanganya makaburi, tumechanganya mpaka majina ya watoto. Kilichobaki kuchanganywa ni mikeka?

Jumapili ya tatu mwenyekiti wa ujenzi alisimama na suti ya kahawia, ile nzuri. Aliongea kwa dakika nyingi. Alisema yeye hana ubaya na jirani yeyote, ana marafiki Waislamu wengi, lakini kuna mipaka. Akashika kifua.

"Wapendwa, tukikubali jambo hili, tutainajisi nyumba ya Bwana."

Mimi nina hasira za karibu, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na kaa la moto mkononi. Lakini siku ile hata sikujua nimesimama saa ngapi. Nilijiona tu niko mbele, kanga imenidondoka begani.

"Kunajisi?" nikasema. "Mzee, wewe ndiye wa kutufundisha kunajisi? Waambie wapendwa ulichopika kwenye sufuria yenye alama nyekundu siku paa lilipoisha."

Mwenyekiti alitazama feni.

"Waambie! Mlipika kitimoto kwenye sufuria ya umoja wa akina mama, ukaniambia nani atajua. Na sufuria hiyo imekwenda kupika pilau la arobaini. Waislamu mtaa mzima wamekula. Dada yangu amekula. Leo unaogopa watatuletea uchafu wao? Nyani haoni kundule!"

"Mama, mama, kaa kwanza," mchungaji akasema. Ni kijana mpole, sauti yake haijawahi kupanda. Akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, ni kweli?"

Mwenyekiti alipangusa paji la uso. "Mchungaji, hayo ni mambo ya zamani."

Ilikuwa miezi minane.

Nilidhani sasa kutakuwa na kishindo. Nilidhani mtu atalia, au angalau atakohoa kwa uchungu. Kilichotokea kilinishangaza kuliko Jumapili zote zilizotangulia. Baraza lililoshindwa kuamua kwa wiki tatu liliamua kwa dakika tano. Yule wa choo kitakatifu ndiye aliyetoa hoja kwamba dada apewe ukumbi, tena bila masharti. Wote wakanyoosha mikono, mwenyekiti naye. Kisha mchungaji akasema kwa ule upole wake, "Na hili la sufuria, wapendwa, liishie humu humu. Tusije tukawakwaza wenzetu."

"Kumkwaza mtu ni kumwambia," nikamuuliza, "au ni kumlisha?"

Alisema tuombe. Katibu aliandika kwenye daftari kwamba ombi limekubaliwa kwa upendo. Nililisoma daftari hilo baadaye, na neno sufuria halimo.

Kwa hiyo ukumbi tuliupata. Tulipewa kama mtoto anavyopewa pipi ili asiseme alichokiona. Nilitoka pale nimeshinda, na nilijisikia kama mtu aliyepigwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa dada. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni, ungo mapajani, anachambua mchele wa Maulidi. Habari njema ilikuwa imeshamfikia na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona tangu afiwe. Alianza kunieleza kabla sijakaa. Kumbe naye alikuwa na vita vyake. Kuna bibi mmoja Ujiji aliapa hakanyagi kiwanja chenye msalaba, na dada alimjibu kwamba basi asome Maulidi yake ndani ya maji.

"Nimewaambia nina mdogo wangu kule," akasema. "Nimewaambia jiko lote ni lake, msiwe na wasiwasi."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Dada, kuna jambo la sufuria."

Nikamwambia. Sikumung'unya. Nilimtaja mzee, mifupa, mafuta, majivu. Vidole vyake viliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja.

"Lini?" akauliza.

"Kabla ya msiba."

"Msiba gani?"

Alijua msiba gani. Alitaka kunisikia nikisema.

"Wa shemeji."

"Yaani arobaini ya mume wangu."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe jikoni ulikuwepo."

"Nilikuwa nakoroga."

Aliweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Alitazama kwa muda nguo za mpangaji mwenzake kwenye kamba. Niliomba alie, niliomba anitukane kwa Kiha kama mama alivyokuwa akifanya. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Aliyekula bila kujua hana kosa," akasema. "Hilo nimefundishwa. Na chombo kina dawa yake. Kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kinasafika, unapikia. Wewe je, mdogo wangu? Wewe nikuoshe mara ngapi?"

Na mimi, badala ya kupiga magoti, nilikasirika. Ndivyo nilivyo, nikishikwa nang'ata. Nilimwambia kwa sauti kwamba katika kanisa zima ni mimi peke yangu niliyekuja kumwambia, kwamba nimemtukana mzee mbele ya watu kwa ajili yake, kwamba nimekatazwa na bado nimekuja.

"Umekuja baada ya kuwaambia wao," akasema. "Wazee wamejua kabla yangu. Na umewaambia kwa sababu ulikuwa na hasira. Usingekasirika, ningejua lini?"

Nilitoka nikapita barabarani bila kumsalimia mtu.

Siku ya pili nilipakia sufuria zote sita kwenye mkokoteni nikateremka nazo ziwani. Nilimpelekea mwenyekiti ujumbe aje tuoshe wote, mchana kweupe, yeye na mimi, maana ndio tuliojua. Hakuja. Alimtuma mkewe na pakiti ya sabuni ya unga. Sabuni ya unga! Mama wa watu alifika, akanitazama, akaitupa ile pakiti kwenye mchanga, akapandisha kanga juu ya magoti akaingia majini. "Mana yanje, Mungu wangu, mwanaume huyu," akasema, akachota udongo.

Tuliosha mara saba. Ya kwanza kwa udongo, tukausugua hadi mikononi, kwenye alama nyekundu, kwenye kila mkunjo wa bati, kisha maji, na maji tena. Tulihesabu kwa sauti. Wanawake waliokuwa wanaosha dagaa kando yetu waliuliza tunafanya nini, na kila aliyeuliza nilimjibu ukweli wote, na jina la kanisa langu, na jina langu. Hadi adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua. Mchungaji alinipigia simu mara tatu, nami nikaacha iite. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimechoka kuficha maradhi ya watu wenye suti.

Siku ya Maulidi nilifungua jiko asubuhi na mapema. Nilipanga sufuria sita ukutani, zinang'aa. Nilichota maji, nikapanga kuni, nikaweka visu na mwiko mezani. Nikakaa kwenye ngazi kusubiri wapishi.

Wapishi hawakuja. Ilipokaribia saa saba bajaji nne zilipanda kutoka Ujiji, na wanawake wakateremka wameshika masufuria yao wenyewe, ya moto, yamefunikwa majani ya mgomba na vitambaa. Walikuwa wamepikia kwa yule bibi aliyeapa asingekanyaga kiwanja cha msalaba. Naye alikuwemo, ndiye aliyeteremka wa kwanza. Walinisalimia vizuri wote. Walipita mbele ya mlango wa jiko langu kama watu wanavyopita mbele ya duka lililofungwa.

Maulidi yalisomwa. Sitasema uongo, yalikuwa mazuri. Ule ukumbi wetu wenye mwangwi, ambao kwaya yetu huulalamikia kila mara, uliyapokea yale madufu ukayarudisha mara mbili. Ubani ulipanda mpaka kwenye paa jipya, lile paa. Akina mama wa kanisa kama kumi hivi walikuja wakakaa nyuma, na mke wa mwenyekiti alikuwa mmoja wao. Tulipotakiwa kusimama tulisimama. Dada alipita na mrashi akinyunyizia watu, akanifikia, akaninyunyizia kama wengine, si zaidi wala si pungufu. Sinia zilipoletwa akanionyesha pa kukaa.

"Kula, mdogo wangu," akasema.

Nilikula chakula chao. Kilikuwa kitamu.

Walipomaliza walifagia ukumbi na kuupiga deki kuliko vijana wetu walivyowahi kuupiga. Jikoni hawakuingia hata kuchota maji. Jioni ile niliupeleka ufunguo kwa wenzangu wa umoja wa akina mama, nikasema wamchague mwingine. Hakuna aliyenibembeleza nibaki.

Na kanisa letu? Linasifiwa. Kwenye vikao vya mtaa tunatajwa kama mfano wa kuishi pamoja, na mwenyekiti wa ujenzi husimama akapokea pongezi, kifua mbele, na kusema sisi milango yetu iko wazi. Safari ya mwisho nilitoka nje nikatema mate.

Dada hajanisusa. Niliseme hilo nimtendee haki. Kila Ijumaa baada ya swala anapita kwangu kama alivyokuwa akipita siku zote, tunaongea habari za watoto, tunacheka hata. Zamani ilikuwa akiingia tu anafunua sufuria kuona nimepika nini, anakata tonge la muhogo akiwa bado amesimama, na tulikuwa tunakula mgebuka mmoja sahani moja, yeye kichwa, mimi mkia. Sasa nikipakua anasema ameshakula. Nimemwambia nimenunua vyombo vipya. Amesema amevipenda. Basi namtuma mjukuu wangu dukani alete soda ya chupa, naiweka mbele yake pamoja na kifunguzi. Anaifuta mdomo kwa ncha ya kanga yake, kisha anaifungua mwenyewe.